Jicho la Msimulizi: Mtu na Mchoro katika Filamu za Nyimbo

Filamu ya The Lion King iliyotolewa mwaka 2019 inafunguka kwa picha ya jua linalochomoza. Kila anayeitazama hudhani kwamba ameonyeshwa Afrika kama ilivyo, na yote yanayofuata baada ya jua lile, simba na twiga na tembo na nyasi zinazopepea, huyachukua kuwa ni ya kweli vilevile. Muda mfupi baada ya filamu kuanza kuonyeshwa, mwongozaji wake, Jon Favreau, alifichua siri. Picha ile ya jua ndiyo peke yake iliyopigwa kwa kamera katika ardhi ya Afrika. Zilizobaki, ambazo idadi yake ni 1,490, zilitengenezwa na wachoraji kwa kompyuta. Ile moja ya kweli aliipenyeza makusudi, apate kuona kama kuna atakayeitambua.

Mbalibali ni mahali katika mkoa wa Mara, upande wa wilaya za Tarime na Serengeti, ambako jua la namna hiyo huchomoza kila asubuhi bila ya mtu kulikatia tiketi. Tumfikirie mkaazi wa huko aliyeketishwa mbele ya filamu hii. Nyumbu wasingemshangaza, wala simba. Lakini nadhani baada ya muda angeuliza swali ambalo mtazamaji wa mbali halimjii kwa wepesi: watu wa nchi hii wako wapi? Hamna mchungaji, hamna shamba la mtama, hamna moshi wa jikoni unaopanda alfajiri. Nchi nzima imejaa wanyama wanaosema na kuimba, na hapana hata mwanadamu mmoja wa kuwasikiliza.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya sanaa moja ya sinema, nayo ni sanaa ya kumtia mtu hai na mchoro ndani ya picha moja, hasa katika zile filamu za nyimbo zilizotengenezwa ili mzee na mtoto wazitazame pamoja. Historia hiyo imekwisha kuandikwa na wengi kama historia ya mitambo. Mimi nataka kuisoma kama historia ya msimulizi: namna alivyoingizwa katika picha, kazi aliyoifanya humo, na namna alivyotolewa. Jambo hili latuhusu sisi watu wa pwani na visiwa kuliko tunavyodhani, maana mmoja wa wanyama waliochorwa katika filamu hizo tunamfahamu kwa jina.

Tuanze nyumbani. Kiswahili kina neno moja, simba, na wanaolitumia hawamjui mnyama huyo kwa njia moja. Wakaazi wa Mara humjua kwa nyayo zake karibu na zizi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni jirani yao, na mpaka wa hifadhi hauzuii mngurumo usiku. Kwa Mkurya, Mwikoma, Mnata au Mngoreme, simba ana harufu, ana njaa, na ng'ombe anayemla ana mwenyewe. Sisi wa visiwani hatuna simba. Unguja ilikuwa na chui wake, ambaye wengi wanaamini kuwa sasa ametoweka, na Pemba ina popo wake mkubwa, lakini simba hatuna. Hata hivyo, ni nani miongoni mwetu aliyelelewa bila ya simba? Waliokuja visiwani kutoka bara, baadhi yao kwa hiari na wengi wakiwa watumwa, walikuja na simba wao vifuani, wakamwacha katika ngano. Watoto waliozaliwa Makunduchi na Wete wakamrithi mnyama ambaye hawakupata kumwona, wala hawakutarajia kumwona.

Aliyemhuisha simba huyo alikuwa bibi. Msomaji aliyepata bahati ya kuketi mkekani baada ya isha anakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Bibi huita, "Paukwa!" Watoto huitika, "Pakawa!" Kisha sungura huingia. Huingiaje? Bibi huyageuza macho yake kuelekea pembe ya mkeka, akatazama pale pasipokuwa na kitu, na vichwa vyote vya wajukuu hugeuka kumfuata. Simba anapomkamata sungura, vidole vya bibi hujifunga hewani. Hadithi ikifika mahali pa wimbo, bibi huimba kwa sauti ya sungura na watoto hupokea kiitikio, na wimbo huo huwa wa sungura, wa bibi na wa watoto kwa wakati mmoja. Hapo pana mtu hai, pana mnyama aliyechorwa kwa maneno, na pana wimbo unaowaunganisha. Ukitoa rangi na ukanda wa filamu, kila kitu cha ile sanaa ninayoizungumzia kimekwisha kuwapo.

Wataalamu wa lugha wameiita sanaa ya michoro inayotembea kwa jina la uhuishaji, kutokana na kuhuisha, yaani kutia uhai. Neno hili latukumbusha kwamba mchoro hauna uhai wake wenyewe. Sharti awepo anayeutia. Katika mkeka wa bibi hapakuwa na shaka ni nani huyo. Katika karatasi, shaka ilianza mapema.

Mwaka 1870 Edward Steere, padri wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu hapa Unguja, alichapisha mjini London ngano alizozikusanya Unguja, kwa Kiswahili na kwa tafsiri yake. Miaka 31 baadaye, mwaka 1901, kikatoka kitabu kingine, mara hii katika mji wa Chicago, Marekani: Zanzibar Tales, tafsiri za George W. Bateman. Humo mna kisa cha sungura anayeiba asali ya simba. Simba anapomkamata kobe, mwenzake sungura katika wizi huo, humuuliza namna kobe anavyoliwa. Kobe humshauri amtie matopeni na kumsugua mpaka gamba litoke. Simba husugua na kusugua, na kumbe kobe amekwisha kuteleza, naye anasugua jiwe hata viganja vyake vikachubuka. Baadaye simba hujificha ndani ya nyumba ya sungura. Sungura, akiwa na wasiwasi, huisalimu nyumba yake kutoka nje, kisha hustaajabu kwa sauti kubwa kwamba leo nyumba haiitikii kama ilivyo desturi. Simba huitikia kwa niaba ya nyumba, na siri yake hufichuka.

Ukurasa wa mbele wa kitabu cha Bateman unastahili kusomwa kwa makini. Jina la mfasiri limo. Jina la mchoraji wa picha, Walter Bobbett, limo. Wasimulizi wametajwa kwa mkupuo mmoja tu, kuwa ni wenyeji wa pwani ya mashariki ya Afrika. Mchoraji ana jina, na aliyempa cha kuchora hana. Katika mji huohuo wa Chicago, katika mwaka huohuo wa 1901, tarehe 5 Desemba, alizaliwa Walter Elias Disney. Sidai kwamba aliwahi kukishika kitabu hicho. Ninachosema ni kwamba sungura wetu alikuwa ameshafika mjini humo kabla yake, naye alifika bila ya msimulizi wake.

Sinema ya michoro, ilipoanza, ilimhitaji mtu hai kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1914 mchoraji wa Marekani Winsor McCay alipanda jukwaani akiwa na kiboko mkononi, na nyuma yake kwenye pazia akatokea Gertie, mnyama wa kale wa jamii ya dinosaria aliyechorwa kwa maelfu ya picha. McCay alimwamuru ainame, akainama. Alimkaripia, akalia. Mwishoni McCay mwenyewe alipita nyuma ya pazia, na papo hapo akaonekana McCay wa kuchorwa akibebwa na mnyama wake. Miaka michache baadaye Max Fleischer akawa anaonyesha mkono wa mchoraji na kichupa cha wino ambamo mchekeshaji wa kuchorwa huchupa na kurudi. Mwaka 1923 Disney, akiwa bado kijana, alimtia mtoto wa kike wa kweli, Virginia Davis, ndani ya dunia ya michoro katika filamu fupi iitwayo Alice's Wonderland. Mmoja wa wachoraji waliokuwa naye aliitwa Ub Iwerks. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Ngoma ilipoingia, ugumu uliongezeka. Mwaka 1945, katika filamu ya Anchors Aweigh, Gene Kelly alicheza dansi na panya Jerry. Kelly alipigwa picha kwanza, akicheza na hewa, na wachoraji wakamchora panya baadaye, picha kwa picha, akiziendana hatua zake. Kwa kuwa sakafu ilikuwa inang'aa na kuonyesha taswira ya Kelly, iliwabidi wamchoree panya naye taswira yake sakafuni. Lakini taswira hiyo isingemfaa panya kitu kama Kelly angetazama upande usio wake. Mtu akikosea kwa shubiri moja mahali pa kutupa jicho, mtazamaji hujua mara moja kwamba hapana panya.

Ndipo tunapofika mwaka 1946 na filamu ya Song of the South, ambayo ndani yake yumo yule mnyama niliyesema tunamfahamu. Filamu hii ilitungwa kutokana na vitabu vya Joel Chandler Harris, mwandishi mzungu wa jimbo la Georgia, ambaye tangu mwaka 1880 alikuwa akichapisha ngano alizozisikia kwa Waafrika waliokuwa watumwa. Alimbuni msimulizi mzee, Uncle Remus, akamtia ngano hizo mdomoni. Mjanja wa ngano zile ni sungura. Humo yumo mbweha anayemtegea sungura sanamu la lami, na sungura aliyenaswa anayemsihi adui yake asimtupe katika kichaka cha miiba, jambo ambalo ndilo hasa alilolitaka. Aliyesoma kisa cha kobe na matope hahitaji kuambiwa kwamba hila hizi ni ndugu. Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki walitoka zaidi magharibi na kati ya bara letu, na sungura mjanja, au ndugu zake, anasimuliwa katika sehemu kubwa ya bara hilo. Aliyefika Georgia na aliyefika Unguja ni wa ukoo mmoja.

Uncle Remus alichezwa na James Baskett. Katika mwendo wa filamu, Baskett anaanza kumsimulia mtoto, na ghafla dunia ya kweli inapasuka na kuwa ya kuchorwa, naye akatembea humo akiimba, ndege na wadudu wa rangi wakimzunguka. Hakuishia hapo. Mbweha wa kuchorwa alisema kwa sauti ya Baskett huyohuyo. Mtu mmoja alikuwa mwili wa msimulizi na sauti ya mnyama, kama bibi zetu walivyokuwa. Wimbo wake wa kutembea ulipata tuzo ya Oscar, na mwezi Machi mwaka 1948 Baskett mwenyewe alipewa Oscar ya heshima kwa kazi ile, akawa mwanamume mweusi wa kwanza kupewa tuzo ya jina hilo.

Lakini filamu ilipozinduliwa mjini Atlanta, Novemba 1946, Baskett hakuhudhuria, maana ubaguzi wa rangi uliotawala mji ule haukumwachia nafasi. Michoro aliyoihuisha iliingia ukumbini, na yeye hakuingia. Mwezi Julai 1948, miezi michache baada ya tuzo, alifariki dunia. Filamu nayo ililalamikiwa tangu siku zake za mwanzo, na haki ya kuilalamikia ilikuwapo. Imeyapamba mashamba ya Georgia kana kwamba mtu mweusi aliishi humo kwa raha tupu, na imemfanya mzee yule kuwa mtumishi mwenye tabasamu lisilokwisha. Mara ya mwisho kurejeshwa katika kumbi za sinema za Marekani ilikuwa mwaka 1986, na tangu hapo wenyewe wameifungia sandukuni.

Miaka 18 baada ya filamu hiyo, kampuni hiyohiyo ilitoa ile ambayo wengi huihesabu kuwa kilele cha sanaa hii. Mary Poppins ilianza kuonyeshwa mwezi Agosti 1964, mwaka ambao sisi huku tulikuwa na mambo makubwa zaidi ya kutushughulisha. Ni kisa cha yaya wa London anayeshuka kutoka mawinguni kwa mwavuli. Katikati ya filamu, yaya huyo, aliyechezwa na Julie Andrews, pamoja na rafiki yake Bert, aliyechezwa na Dick Van Dyke, na watoto wawili, wanarukia ndani ya picha iliyochorwa kwa chaki barabarani. Humo wanapanda farasi wa pembea wanaochopoka na kwenda zao, na Bert anacheza dansi na ndege wanne wa nchi za barafu, aina ya pengwini, ambao ni watumishi wa mkahawa.

Ufundi uliotumika ni mzuri kuueleza, kwa sababu unategemea taa ambayo msomaji huenda ameiona barabarani usiku. Waigizaji walisimama mbele ya pazia jeupe lililomulikwa kwa taa za sodiamu, zile zenye mwanga wa manjano makali. Mwanga wa sodiamu ni mwembamba mno katika upinde wa rangi, upo karibu na nanometa 589, na hauchanganyiki kwa wepesi na rangi nyingine. Ndani ya kamera mlikuwa na kipande cha kioo kilichougawa mwanga njia mbili. Njia moja ilikwenda kwenye ukanda wa rangi, ambao haukuuona mwanga wa sodiamu, ukampata mwigizaji peke yake juu ya kiza. Njia ya pili ilikwenda kwenye ukanda wa weusi na weupe, ambao haukuona kitu ila mwanga huo, ukapata umbo la mwigizaji kama kivuli kilichokatwa kwa wembe. Kwa kivuli hicho mafundi waliweza kutoboa katika mchoro mwanya unaomtosha mwigizaji barabara, hata unywele mmoja, hata shela nyepesi ya kofia ya Julie Andrews ambayo mchoro huonekana kupitia ndani yake. Aliyekuwa nguzo ya mbinu hii ni Petro Vlahos, na tuzo ya ufundi aliyoipata kwayo aligawana na wawili, mmoja wao akiwa ni Ub Iwerks, yule wa mwaka 1923. Filamu yenyewe ilipata Oscar tano, mojawapo ikiwa ya Julie Andrews na nyingine ya ufundi wa picha.

Wapenzi wa ushairi wataielewa kazi hii kwa haraka. Mshororo wa shairi letu la mizani 16 una pande mbili, ukwapi na utao, kila upande mizani nane, na kina cha kati ndicho kinachoufunga upande huu na ule. Mizani ikipungua upande mmoja, sikio hushtuka hata kama mwenye sikio hajui kuhesabu. Picha ya Mary Poppins nayo ina pande mbili, upande wa mtu na upande wa mchoro, na kila sekunde moja ya filamu ina picha 24 ambazo pande hizo sharti zilingane. Kioo cha Vlahos kilifanya kazi ya wembe. Kina cha kati kilikuwa jicho la Dick Van Dyke. Alipocheza mbele ya pazia la manjano hapakuwa na ndege hata mmoja. Aliinama kuwatazama mahali watakapokuja kuwa, akawapisha njia, akawafurahia, na wachoraji, miongoni mwao Frank Thomas na Ollie Johnston, wakaja baadaye kuwachora ndege pale alipokwisha kuwaona. Mtazamaji huwaamini ndege wale kwa sababu Bert anawaamini.

Kampuni iliitumia tena mbinu hiyohiyo mwaka 1971, katika Bedknobs and Broomsticks, ambamo mfalme simba wa kuchorwa anacheza mpira wa miguu na wanyama wenzake, na mwamuzi wa mchezo, mtu hai, anakanyagwa huku na huku. Mwaka 1988 sungura alirudi, mara hii akiwa mcheza filamu wa Hollywood, katika Who Framed Roger Rabbit. Bob Hoskins, aliyeigiza mbele ya sungura asiyekuwapo, alieleza kwamba alijifunza kazi hiyo kwa kumtazama binti yake mdogo akicheza na marafiki wa kubuni. Mwigizaji mzima alilazimika kurudi kwa mtoto ili ajue namna ya kutazama pembe tupu ya mkeka.

Baada ya hapo msimulizi anaanza kutoka. Mwaka 1989 ilifunguliwa California bembea kubwa ya majini, Splash Mountain, iliyopambwa kwa sungura, mbweha na dubu wa Song of the South pamoja na wimbo wao uliopata tuzo. Uncle Remus hakuwekwa. Kwa zaidi ya miaka 30 watoto walipita mbele ya wanyama wale wakiimba nao, bila ya kujua kwamba palikuwa na mtu aliyewaimbisha. Mwaka 2023 bembea hizo zilifungwa Marekani, na wanyama nao wakaondoka. Naelewa kwa nini Uncle Remus aliachwa, maana sura aliyopewa katika filamu ilikuwa na aibu. Lakini tazama jinsi aibu ilivyolipwa. Waliochora walikuwa wamemvika mzee mweusi joho la uongo, na uongo ulipogunduliwa, joho na mzee vilitupwa pamoja, ngano zake zikabaki kuuza tiketi.

Katika filamu ya kwanza ya The Lion King, ya mwaka 1994, mambo yalikuwa yamekwisha kuwa hivyo. Wachoraji walizuru Kenya, wakarudi na majina ya Kiswahili, Simba na Rafiki na Pumbaa, na maneno mawili ya hakuna matata ambayo kampuni iliyasajili Marekani kuwa alama yake ya biashara, hata yakazua malalamiko makubwa mwaka 2018. Mwanadamu hakuingizwa. Kilichobaki ni sauti. Kwaya ya Lebo M wa Afrika Kusini inaita jua kwa Kizulu, na wimbo wa simba aliyelala, ambao asili yake ni Mbube alioutia katika sahani Solomon Linda mwaka 1939, unapigiwa mzaha mwituni. Linda alikufa maskini mwaka 1962, na watoto wake walipata suluhu ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kufungua kesi. Toleo la mwaka 2019 likaongeza jambo jipya: michoro inayoficha kwamba ni michoro. Mary Poppins ilionyesha wazi kwamba huyu ni mtu na hawa ni ndege wa rangi, na furaha yote ilikuwa katika kukutana kwao. Hapa hapana wa kukutana.

Nchi ya Mara imelijua jambo hili nje ya sinema za nyimbo. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, iliyotoka mwaka 1959 na kupata Oscar mwaka uliofuata, iliifanya mbuga hiyo kuwa maarufu duniani, na Michael alikufa kwa ajali ya ndege akiwa katika kazi hiyo. Filamu ile ilifanya mengi kwa ajili ya wanyama. Lakini iliitazama nchi kama mali ya wanyama, na mwaka huohuo wa 1959 Wamasai walihamishwa kutoka ndani ya hifadhi kwenda Ngorongoro. Picha isiyo na mtu na ardhi isiyo na mtu zilikwenda sambamba. Ndiyo maana swali la mkaazi wa Mbalibali, watu wako wapi, lina uzito kuliko swali la mtazamaji anayetafuta kosa katika mchoro.

Je, sisi tumefanya nini? Tumeanza. Tinga Tinga Tales, iliyotoka mwaka 2010, ilitengenezwa Nairobi kwa ushirikiano na Waingereza, nayo iliyafanya maumbo ya mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, yatembee na kusimulia. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, imekuwa ikiwaimbia watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili tangu mwaka 2014. Mwanamke wa Kenya, Ng'endo Mukii, katika filamu yake fupi Yellow Fever ya mwaka 2012, aliichanganya michoro na miili hai ya wachezaji ngoma ili kusema juu ya ngozi nyeusi na dawa za kuichubua. Filamu hiyo si ya kuchekesha watoto, lakini naihesabu kuwa muhimu kwa hoja yangu, kwa sababu ndani yake mwili wa Mwafrika umerudi katika picha, umesimama kando ya mchoro, na unatutazama.

Kinachokosekana ni mkeka. Ngano zetu zinachapishwa, zinachorwa, zinafundishwa shuleni, na aghalabu bado zinatoka kama zilivyotoka Chicago mwaka 1901, zikiwa ni ngano za wenyeji. Anayekwenda kuzirekodi leo ana simu inayochukua sura na sauti, na hana udhuru aliokuwa nao Steere. Achukue jina la bibi, kwa ridhaa yake. Achukue uso wake, na hasa achukue ule upande anaotupa macho sungura anapoingia, maana humo ndimo mlimo elimu ambayo Kelly, Baskett, Van Dyke na Hoskins walilazimika kuitafuta kwa jasho. Na kijana wa Unguja au wa Musoma atakayekuwa na kompyuta na hamu ya kuhuisha michoro, asikimbilie kumwondoa msimulizi kwa kuwa ni rahisi kuchora wanyama watupu. Sodiamu na vioo havihitajiki tena. Kompyuta ya kawaida huweza kumkata mtu na kumweka katika mchoro.

Natamani siku moja, katika tamasha la filamu pale Ngome Kongwe, nione filamu ya namna hiyo. Upande mmoja wa picha aketi mzee wa Mbalibali na litungu lake la nyuzi nane, ambaye simba anamjua kwa nyayo. Upande wa pili aketi bibi wa Wete, ambaye simba anamjua kwa wimbo. Majina yao yaandikwe mwanzo, kabla ya jina la mchoraji. Kisha simba aingie, amechorwa waziwazi kwa rangi, apite baina yao, na wote wawili wageuze macho kumfuata.